UZI: Kanuni za shule ya msingi ambazo mzazi husaini bila kusoma. Tuzichambue pamoja na sababu zake

Kengele_ya_Kwanza (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila muhula unapoanza, mzazi hupewa kijitabu cha kanuni, husaini ukurasa wa mwisho, halafu hukutana na kanuni zenyewe getini siku ambayo ana haraka. Hapo ndipo maneno huanza. Nafungua uzi huu tuzipitie zile zinazoleta mvutano kila wiki: mahudhurio, ugonjwa, dawa, kumchukua mtoto, simu na malalamiko. Walimu, manesi wa shule na makarani mliomo humu, naomba mchangie kwa undani.

Saa na fomu hutofautiana shule kwa shule, ila msingi ni mmoja. Tangu mtoto avuke geti asubuhi mpaka akabidhiwe mtu wake, shule ndiyo yenye dhamana naye, na haiwezi kubeba dhamana ya jambo ambalo haikuambiwa. Ugomvi mwingi wa mzazi na ofisi hutokana na taarifa iliyopelekwa kwa asiyehusika, iliyosemwa kwa mdomo tu, au iliyofika saa imeshapita.

Naanza na mahudhurio, maana ndiyo yanayodharauliwa kuliko yote.

Daftari la mahudhurio huitwa asubuhi na kufungwa baada ya muda mfupi. Anayefika baada ya hapo apitie ofisini aandikishwe kwanza, asijipenyeze darasani kimyakimya. Wengi huona ni kumwaibisha mtoto. Sababu ni kwamba moto ukitokea, daftari hilo ndilo linalotumika kuhesabu watoto uwanjani. Aliyeingia bila kuandikwa hatafutwi, kwa sababu kwenye karatasi hayupo. Aliyeandikwa yupo kumbe alishachukuliwa saa nne, watu wazima wanaweza kurudi ndani ya jengo linalowaka kumtafuta. Kwa hiyo kutoka mapema nako kuna saini yake.

Mtoto asipokuja, toa taarifa kabla daftari halijafungwa, kwa njia ambayo shule imeitaja. Taja jina lake kamili, darasa, sababu na siku unayotarajia arudi. Shule nyingi hupiga simu asubuhi hiyohiyo kwa kila mtoto asiyeonekana na asiye na taarifa, kwa sababu huenda aliondoka nyumbani na hakufika. Kila mzazi anayesahau kutoa taarifa anamchelewesha karani kumfikia yule ambaye mtoto wake kweli hajulikani alipo.

Kuhusu kuchelewa, piga hesabu mwenyewe. Dakika 10 kila siku ni dakika 50 kwa wiki. Kwa mwaka wa wiki 38 zinafika dakika 1,900, yaani karibu saa 32. Siku ya masomo ikiwa ya saa 6, hizo ni zaidi ya siku 5 nzima. Tena ni dakika zilezile za mwanzo ambazo mwalimu wa madarasa ya chini hufundisha sauti za herufi au hueleza kazi ya siku. Anayeingia katikati huanza kwa kumtazama jirani anafanya nini.

Karibuni.

---

Nesi_wa_Shule

Asante mkuu kwa uzi. Naongeza kwenye taarifa ya kutokuja: neno "anaumwa" halitoshi. Sema anaumwa nini. Anatapika? Ana homa? Ana vipele? Ofisi ikipata watoto watatu wa darasa moja wanaotapika siku moja, hapo tunajua kuna kitu kinaenea, tunasafisha vyoo na meza kabla hawajawa kumi. Wote watatu wakiandikwa "anaumwa", hatuoni chochote.

Sasa lini mtoto abaki nyumbani. Fuata kwanza maelekezo ya shule yako na ya mhudumu wa afya, ila viwango vinavyotumika sana ni hivi.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi: abaki nyumbani mpaka apitishe saa 24 bila homa na bila dawa ya kushusha homa. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayovunjwa. Paracetamol hufanya kazi kwa saa 4 hadi 6. Mtoto aliyenyweshwa saa 1 asubuhi huonekana mzima getini, na kufikia saa 6 mchana anachemka, baada ya kukaa nusu siku bega kwa bega na wenzake.

Kutapika au kuharisha: shule nyingi hutaka saa 48 tangu mara ya mwisho, nyingine 24. Mimi naunga mkono 48, kwa sababu virusi vya tumbo huendelea kutoka kwenye choo cha mtoto hata baada ya yeye kuanza kuruka na kucheza. Na jueni kuwa dawa ya mikono yenye spiriti haiviwezi vizuri virusi vya aina ya norovirus. Hapo ni maji na sabuni, sekunde 20, na mikono ikaushwe.

Tetekuwanga: mpaka malengelenge yote yakauke na kufanya gaga, kwa kawaida siku 5 hadi 7 tangu yatokeze. Lengelenge moja bichi mgongoni bado linaambukiza, kwa hiyo vua shati uangalie. Surua: siku 4 kamili tangu upele utokeze, na toa taarifa shuleni mara moja, maana kuna watoto ambao kinga yao ni dhaifu na wajawazito ambao lazima waambiwe. Koo lenye bakteria linalotibiwa kwa antibayotiki: saa 24 tangu dozi ya kwanza. Vidonda vya ngozi vyenye usaha na gaga la rangi ya asali: mpaka vikauke au saa 48 baada ya kuanza antibayotiki.

Mapunye hayamzuii mtoto kuja, mradi matibabu yameanza. Ila mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu peke yake. Vimelea vimeingia hadi kwenye mzizi wa nywele, kwa hiyo inahitajika dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Wazazi hupaka, huona pamefifia, huacha, na muhula ujao yamerudi.

Mafua ya kawaida bila homa, mtoto anakula na anacheza? Mlete.

---

MamaWawili

Dada Nesi, na chawa? Kuna shule zinamrudisha mtoto nyumbani mpaka asiwe na hata yai moja.

---

Nesi_wa_Shule

Kanuni ya "hata yai moja" naipinga waziwazi. Inamkosesha mtoto masomo bila kumlinda yeyote. Chawa wa kichwani haruki wala hapai. Anatembea kutoka kichwa kwenda kichwa vinapogusana. Siku unapomgundua, mara nyingi ameshakaa wiki kadhaa, kwa hiyo kumtoa mtoto saa tano asubuhi hakubadilishi kitu. Amalize siku, nyumbani atibiwe, kesho arudi. Na ganda la yai lililo mbali zaidi ya milimita 6 kutoka kwenye ngozi ya kichwa kwa kawaida limeshaanguliwa au limekufa.

Kwa kuchana: lowesha nywele, paka kondishina nyingi, tumia kitana cha meno yaliyobanana sana, chana kuanzia ngozini hadi nchani, na kila mpito futa kitana kwenye karatasi nyeupe uone kilichotoka. Rudia siku ya 1, 5, 9 na 13. Mayai huanguliwa ndani ya siku 7 hadi 10, ndiyo maana kuchana mara moja hakutoshi: unawatoa waliozaliwa na kuwaacha wanaokuja. Kagua watu wote wa nyumbani usiku huohuo, vinginevyo mnazungushiana.

---

Chaki_Nyeupe

Mimi ni mwalimu wa darasa. Naheshimu maelezo ya Nesi, ila kuna jambo upande wa shule wenyewe. Shule zinazotoa cheti kwa mtoto asiyekosa hata siku moja zinavunja kanuni zao zenyewe za ugonjwa. Mtoto analia kuja na homa ili asipoteze cheti, na mzazi anakubali. Bora kumsifu mtoto aliyepunguza utoro kuliko kumsifu aliyebahatika kutougua.

Kwa upande mwingine, mzazi ajue ukosefu wa siku mojamoja hujumlishika. Marekani na Uingereza hutumia kipimo cha 10%: kwa mwaka wa siku 190, kukosa siku 19 tayari ni tatizo sugu. Siku 19 ni mbili tu kwa mwezi. Hakuna anayehisi mbili kwa mwezi ni nyingi, mpaka mtoto afike kwenye kugawanya na hajui jedwali la kuzidisha.

---

Baba_wa_Darasa_la_Pili

Naomba ufafanuzi kuhusu dawa. Mtoto ana dawa mara tatu kwa siku, shule haitaki aje nayo kwenye begi. Sasa itakuwaje?

---

Nesi_wa_Shule

Dawa ya mara tatu kwa siku mara nyingi haihitaji kuja shuleni kabisa: asubuhi kabla ya kutoka, mara tu anaporudi, na wakati wa kulala. Muulize mfamasia kama ratiba hiyo inafaa kwa dawa hiyo. Ya mara nne ndiyo inayolazimu dozi ya shuleni.

Ikibidi ije, mtu mzima aikabidhi ofisini mkononi, ikiwa kwenye chupa au pakiti yake ya asili yenye lebo ya jina la mtoto, pamoja na fomu iliyosainiwa yenye jina la dawa, kipimo, saa na tarehe ya mwisho. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa nyingine hatumpi mtoto, hata kama tunakufahamu miaka yote, kwa sababu hatuna njia ya kujua ni nini. Ambatisha bomba la kupimia la mililita. Kijiko cha mezani kinaweza kubeba mara mbili au tatu ya kijiko cha chai. Na dozi ya kwanza kabisa ya dawa mpya apewe nyumbani, mumwangalie kama inamletea mzio.

Kwenye begi haikai kwa sababu begi hilo linafunguliwa na watoto wengine. Ni hilo tu.

Isipokuwa dawa za dharura. Pampu ya pumu na sindano ya adrenalini (ya mzio mkali) hazifungiwi kabatini kwa kufuli. Zinakaa mahali ambapo mtu mzima yeyote anazifikia haraka, na zinatoka na mtoto kwenye ziara na michezo. Pampu ije na chemba yake (kile kichupa cha plastiki kinachochomekwa kwenye pampu mtoto avutie dawa humo), kwa sababu mtoto mdogo akipuliziwa bila chemba dawa nyingi huishia mdomoni na kooni. Sindano za adrenalini ziwe mbili, maana ya kwanza isipoleta nafuu ndani ya dakika chache hutakiwa ya pili. Andika tarehe ya kuisha kwenye kalenda ya simu yako, ikukumbushe mwezi mmoja kabla. Shule nazo hukagua, ila usituachie sisi peke yetu.

Na kuhusu mzio wa chakula: mwambie mwalimu wa darasa, nesi, na anayesimamia chakula, wote kwa maandishi. Kanuni ya kutogawana vyakula darasani inahusu hapa. Mtoto wa miaka sita hawezi kusoma orodha ya viambato, na rafiki yake anayempa kipande anampa kwa upendo. Siku za kuzaliwa, uliza kabla ya kuleta chochote cha kuliwa.

---

Karani_Mkuu

Acha niingie kwenye kumchukua mtoto, maana hapo ndipo makarani tunapotukanwa.

Orodha ya wanaoruhusiwa iwe na watu wasiopungua watatu, kwa mpangilio wa nani apigiwe kwanza. Angalau mmoja awe anaweza kufika ndani ya nusu saa. Ukibadilisha namba, tujulishe siku hiyohiyo. Fomu yenye namba tatu ambazo zote hazipatikani ni sawa na fomu tupu, na tunaligundua hilo mtoto akiwa ameshavunjika mkono.

Mabadiliko ya siku ("leo atachukuliwa na mjomba") yaje ofisini, kabla ya saa iliyowekwa. Usimtumie mwalimu meseji. Akiwa anafundisha hashiki simu, ataiona mtoto akiwa ameshapanda gari lingine. Maneno ya mtoto mwenyewe, "mama kasema niende na shangazi", hatuyatendei kazi. Si kwamba watoto wanasema uongo. Wanachanganya siku, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kumfundisha la kusema.

Mjomba aje na kitambulisho, hata kama anafanana na mtoto kama pacha. Shule zenye neno la siri: libadilisheni baada ya kumpa mtu wa mara moja.

La wazazi waliotengana nalisema kwa heshima, najua linauma. Shule haiwezi kumzuia mzazi mwenye haki ya kisheria kwa sababu mzazi mwenzake ameomba kwa mdomo. Tunahitaji nakala ya amri ya mahakama, tena iliyo hai, ikiwa na kurasa zote. Bila hiyo, karani hana mamlaka, na akijitwalia mamlaka hayo atakuwa amevunja sheria dhidi ya mmoja wenu. Kama karatasi bado inashughulikiwa, mwone mwalimu mkuu ana kwa ana mapema, msisubiri mkutane wote wawili getini mtoto akiangalia.

Ukichelewa, piga simu. Mtoto akijua unakuja hatalia. Usipopiga, tunaanza kupiga orodha, kila simu inaandikwa na saa yake, na tusipompata yeyote kuna hatua ambapo taratibu zinatulazimu kuwaita wanaohusika na usalama wa watoto. Hatuipendi hatua hiyo.

---

Zamu_ya_Geti

Kwa wenye magari, fupi tu. Songa mbele mpaka mwisho wa foleni, usisimame mkabala na mlango eti kwa kuwa ndipo mwanao anapopapenda. Mtoto ashukie upande wa kando ya barabara, begi likiwa mapajani tayari, si kwenye buti. Dereva asishuke, asirudi nyuma. Mtoto wa darasa la kwanza akipita mbele ya gari refu haonekani juu ya boneti, na nyuma ndiyo kabisa. Kama mnahitaji kuagana kwa kirefu, egesha mbali mtembee naye.

---

MamaWawili

Kweli kabisa. Je, saa ya mkononi inayopiga simu nayo inahesabika kama simu? Nimeinunua kwa usalama wake.

---

Chaki_Nyeupe

Inahesabika, dada. Kama inapiga, inapokea meseji au inarekodi, shule nyingi huiweka kwenye kanuni ya simu: inazimwa au inawekwa kwenye hali ya shule kuanzia getini hadi getini. Sababu kubwa ni ileile aliyoieleza Karani. Mzazi akimtumia mtoto "toka, niko nje", mtoto anatoka. Mwalimu hajui, ofisi haijui, daftari linasema yupo. Pia kurekodi chooni na kwenye vyumba vya kubadilishia nguo ni jambo zito, na mtoto hajui uzito wake.

Simu ikichukuliwa, uliza kanuni inasema irudishwe lini na kwa nani. Iwe imeandikwa. Mwalimu asiwe na kanuni yake kichwani.

Picha vilevile. Fomu ya ruhusa ya picha inahusu shule kupiga. Wewe ukipiga kwenye tamasha la darasa, mpige wa kwako, na usiweke mtandaoni picha yenye watoto wa wenzio. Darasani anaweza kuwepo mtoto ambaye mahali alipo hapatakiwi kujulikana, na hakuna atakayekueleza ni yupi.

---

Baba_wa_Darasa_la_Pili

Na mwanangu akionewa? Nikimkuta huyo mtoto getini nisimwambie kitu?

---

Kengele_ya_Kwanza

Usimwambie kitu mkuu, hata kwa upole. Mtu mzima mgeni kumkabili mtoto wa mwenzake ndani ya eneo la shule ni jambo ambalo shule nyingi hulikataza, na hapo wewe unageuka kuwa kesi, la mwanao linasahaulika.

Andika. Tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, nini kilifanyika au kusemwa kwa maneno yaleyale ya mtoto, na unaomba nini kifanyike. Barua ya mistari kumi yenye matukio matatu yenye tarehe ina nguvu kuliko kurasa nne za hasira. Uonevu hutofautishwa na ugomvi wa siku moja kwa mambo mawili: unajirudia, na mmoja ana nguvu juu ya mwingine, iwe ya mwili, ya umri au ya kundi. Tarehe zako ndizo zinazothibitisha kujirudia.

Anza na mwalimu wa darasa, na uulize atakujibu lini. Siku hiyo ikipita bila jibu, mwalimu mkuu, ukiambatisha barua ya kwanza. Kisha kamati au bodi ya shule. Ukiruka ngazi utarudishwa kwenye uliyoiruka na utakuwa umepoteza wiki. Isipokuwa mtoto ameumizwa, au analalamikiwa mtu mzima wa shule: hapo nenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Kama analalamikiwa mwalimu mkuu mwenyewe, nenda juu yake.

Usitegemee kuambiwa adhabu aliyopewa mtoto mwingine. Shule haiwezi kukutajia. Unachostahili kujua ni hatua za kumlinda wa kwako: atakaa wapi, nani anamwangalia mapumzikoni, amwendee nani.

Na msilipeleke kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Jina la mtoto likishatajwa pale halirudi.

---

Chaki_Nyeupe

Naongeza mawili ambayo hayajaguswa.

Kazi ya nyumbani: kipimo kinachotumiwa na walimu wengi ni dakika 10 kwa kila darasa. La kwanza 10, la tatu 30. Muda ukiisha na mtoto alijitahidi, simamisha na uandike pembeni: "Alifanya dakika 30, amekwama swali la 4." Sentensi hiyo inanisaidia kuliko ukurasa uliojaa majibu sahihi ya mwandiko wa mtu mzima. Msifute makosa yake. Makosa ndiyo yananionyesha nifundishe nini kesho.

Begi: lisizidi 10% hadi 15% ya uzito wa mtoto. Simama naye kwenye mizani akiwa na begi, kisha bila begi, toa. Wa kilo 22 asibebe zaidi ya kilo 3 na kidogo. Mara nyingi mzigo ni maji: chupa ya lita moja ni kilo moja kabla hujaweka daftari. Chupa ndogo ijazwe upya shuleni pale penye maji salama.

---

MamaWawili

Asanteni sana. La mwisho: wa kwangu mdogo anaanza darasa la kwanza. Wameandika "nguo za akiba". Niweke nini, na mbona anajua kwenda chooni?

---

Nesi_wa_Shule

Wanajua, ila wiki za kwanza wanaogopa kuomba ruhusa au wanachelewa wakicheza. Weka chupi mbili, suruali au sketi moja, soksi, na mfuko wa plastiki wa kurudishia zilizolowa. Jina liwe kwenye kila nguo, ndani shingoni au kiunoni, kwa kalamu ya wino usiofutika. Nguo anazovaa siku za kawaida ziwe na mpira kiunoni, bila mkanda wala kifungo kigumu, maana ajali nyingi hutokea mtoto akiwa tayari yuko mlangoni mwa choo anahangaika na kifungo. Mfundishe sentensi moja ya kumwambia mwalimu, aizoee nyumbani kwa sauti. Mfuko ukirudi na nguo zilizotumika, zifue na uurudishe umejaa asubuhi inayofuata.